Setilaiti ya Uhuru na Ushahidi wa Shimo Jeusi

Kitu kisichotoa nuru

Jiwe likirushwa juu hurudi chini kwa sababu Dunia hulivuta. Likirushwa kwa nguvu zaidi hupanda zaidi na huchelewa kurudi. Lau kusingekuwa na hewa ya kulizuia, na mrushaji akaweza kulipa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, lisingerudi tena. Kwenye uso wa Jua kasi ya kutoka ni kubwa zaidi, kilomita 618 kwa sekunde, maana tungamo la Jua, yaani wingi wa maada yake, ni mara 333,000 ya lile la Dunia. Kutoka hapo huzuka swali jepesi kuuliza na gumu kujibu: je, ulimwenguni kuna kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, ishindwe kutoka?

Wa kwanza kuliuliza kwa hesabu alikuwa kasisi wa Kiingereza, John Michell, wa kijiji cha Thornhill huko Yorkshire. Katika barua aliyomwandikia mwanasayansi mwenzake Henry Cavendish, iliyosomwa mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society mjini London mnamo Novemba 1783, alikadiria kwamba nyota yenye maada iliyosongamana sawa na ya Jua, lakini yenye kipenyo mara 500 ya kile cha Jua, ingeivuta nuru yake yenyewe irudi. Nyota ya namna hiyo isingeonekana. Michell hakuishia hapo. Alijua kwamba nyota nyingi huwa mbili mbili, zikizungukana. Ikiwa mojawapo haitoi nuru, alisema, mwendo wa mwenzake utaifichua. Wahenga waliliweka kwa ufupi: siri ya mtungi aijuaye kata.

Wazo hilo lilisahauliwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa nadharia mpya ya mvutano, na muda mfupi baadaye Karl Schwarzschild, Mjerumani aliyekuwa vitani upande wa Urusi, akapata jawabu la kwanza kamili la milinganyo yake. Hesabu ya Schwarzschild inaonyesha kwamba kila tungamo lina ukubwa wake wa mwisho: likishindiliwa ndani ya ukubwa huo, hakuna kitokacho tena. Kwa Jua, nusu kipenyo cha ukubwa huo ni kilomita 3 hivi. Kwa Dunia ni milimita 9. Milima, bahari na kila kilichomo vingepaswa kushindiliwa hadi vitoshe ndani ya gololi ya kuchezea watoto. Mpaka huo huitwa upeo wa matukio, na kilicho ndani yake huitwa shimo jeusi, jina lililoenea baada ya Mmarekani John Wheeler kulitumia mwaka 1967.

Kuwezekana kwa hesabu si kuwapo. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walionyesha kwamba nyota nzito ikiishiwa na nishati inaweza kujiporomokea bila kikomo. Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwa hisabati kwamba poromoko la aina hiyo, likishavuka hatua fulani, haliwezi kuzuilika. Hata hivyo wanafizikia wengi waliamini kwamba maumbile yana njia ya kuliepuka. Kilichokosekana ni kielelezo kimoja kutoka angani.

Joto lisiloonekana kwa macho

Shimo jeusi lililo peke yake, mbali na kila kitu, halina alama inayoonekana kwa urahisi. Likiwa na nyota jirani, mambo hubadilika. Mvutano wake hunyonya gesi kutoka kwa jirani huyo. Gesi hiyo haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwanza, kama maji yanavyozunguka kabla ya kuingia kwenye tundu la karo, na kutandaa mfano wa sahani. Tabaka za ndani za sahani hiyo huenda kasi kuliko za nje, na katika kusuguana kwao gesi hupata joto.

Mhunzi huujua uhusiano wa joto na rangi. Chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mng'ao unavyohamia kwenye miale yenye nguvu zaidi. Gesi inayokaribia shimo jeusi hufikia nyuzi milioni kadhaa, na kwa joto hilo hung'aa zaidi kwa eksirei, miale ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Mng'ao huo hutoka kabla gesi haijavuka upeo, ndiyo maana huweza kufika mbali.

Eksirei za angani hazifiki ardhini. Angahewa huzimeza makumi ya kilomita juu ya usawa wa bahari, jambo lililo heri kwa viumbe na kikwazo kwa mnajimu. Njia ya kwanza ya kukivuka kikwazo hicho ilikuwa roketi ndogo zilizopanda juu ya hewa kwa dakika chache na kuanguka. Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ya namna hiyo kutoka White Sands, New Mexico, wakitafuta eksirei zinazotoka Mwezini. Badala yake chombo chao kilikuta chanzo chenye nguvu kubwa upande wa kundinyota la Nge, ambacho baadaye kilipewa jina la Scorpius X-1. Mwaka 1964 roketi nyingine iliona chanzo katika kundinyota la Cygnus, nacho kikaitwa Cygnus X-1. Dakika chache za roketi zilitosha kujua kwamba vyanzo hivyo vipo. Hazikutosha kujua vinafanya nini saa baada ya saa, siku baada ya siku. Kwa kazi hiyo ilihitajika setilaiti.

Ngomeni, 12 Desemba 1970

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, kwenye pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1960, Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimika majukwaa ya chuma baharini karibu na hapo. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia roketi, na la Santa Rita lilikuwa la waongozaji. Yalisimama juu ya miguu iliyokita kwenye sakafu ya bahari, yakiunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka hapo ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu zinazopimika. Kwanza, Dunia ikijizungusha, uso wake kwenye ikweta huenda mashariki kwa karibu mita 465 kila sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea huko hupewa kasi hiyo bure. Pili, mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi huanguka pasipo na watu. Tatu, na hii ndiyo iliyowavutia zaidi watafuta eksirei, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa eneo la anga ya Atlantiki ya Kusini lenye chembe nyingi za umeme. Chembe hizo huingia kwenye vipimio na kuhesabiwa kana kwamba ni eksirei, na hivyo kuharibu hesabu.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout, yenye hatua nne na fueli yabisi, iliondoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyoitwa rasmi SAS-1. Setilaiti hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Msimamizi wa mradi kutoka NASA, Marjorie Townsend, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji. Hivyo setilaiti ya kwanza ulimwenguni kutengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilichukua jina la Kiswahili, na jina hilo ndilo linalotumiwa na wanajimu wa mataifa yote hadi leo.

Jicho la Uhuru

Eksirei hupenya kioo badala ya kupinda ndani yake, kwa hiyo lenzi za kawaida hazizikusanyi. Uhuru haikuwa na lenzi wala kioo. Ilikuwa na vipimio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikiwa sanduku la gesi lenye dirisha jembamba la madini ya berili na nyaya zenye umeme wa nguvu ndani. Eksirei moja ikipenya dirisha hugonga atomu za gesi na kung'oa elektroni. Elektroni hukimbilia kwenye waya, na mshituko mdogo wa umeme huhesabiwa.

Mbele ya kila dirisha palikuwa na vijia vyembamba vya metali vilivyoruhusu eksirei kutoka upande mmoja tu. Anayetazama nyota kupitia bomba la jani la mpapai hupata kitu cha namna hiyo: hakuzi chochote, lakini anajua hasa bomba limeelekea wapi. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kila vijia vilipopita mbele ya chanzo hesabu ilipanda, ikafika kileleni, ikashuka. Kilele kilionyesha upande wa chanzo. Urefu wake ulionyesha nguvu. Kwa kuugeuza mhimili wa mzunguko, waongozaji waliipitisha mbingu yote, kipande kwa kipande. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi hiyo ina vyanzo 339.

Faida kubwa zaidi ilikuwa muda. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kiligunduliwa kuwa kinapiga kama mapigo ya moyo, pigo moja kila sekunde 4.8, bila kukosea. Zaidi ya hayo, kila baada ya siku 2.1 kilitoweka kwa saa kadhaa, kisha kikarudi. Maelezo yalikuwa ya aina moja tu: kitu kidogo kinachojizungusha kinaizunguka nyota kubwa, na kila kikipita nyuma yake hufichwa. Kitu hicho ni nyota ya nyutroni, masalia ya nyota iliyolipuka, yenye tungamo kuzidi la Jua ndani ya kipenyo cha kilomita 20 hivi. Mapigo hutokea kwa sababu ina uso mgumu wenye sehemu za moto zinazoingia na kutoka machoni inapozunguka. Kuanzia hapo ilijulikana kwamba vyanzo vingi vya eksirei ni nyota mbili, moja ikila gesi ya mwenzake.

Cygnus X-1

Cygnus X-1 haikufuata desturi hiyo. Uhuru iliikuta ikimemeteka kwa fujo, ikipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo za sekunde, bila pigo la kudumu. Kumemeteka huko kulikuwa na maana kubwa. Kitu kikubwa hakiwezi kuwaka na kuzimika haraka kikaonekana hivyo kwa mtazamaji wa mbali, kwa sababu nuru ya upande ulio karibu naye hufika mapema na ya upande wa mbali hufika baadaye, na mmweko hurefuka. Jua, kwa mfano, lina upana ambao nuru huuvuka kwa zaidi ya sekunde nne. Hata lingezimika lote mara moja, kuzimika huko kungechukua sekunde kadhaa kuonekana. Mmweko wa moja ya kumi ya sekunde hauwezi kutoka kwenye eneo linalozidi kilomita 30,000, yaani vipenyo viwili na kidogo vya Dunia. Vipimo vya baadaye vilifikia elfu moja ya sekunde, na eneo likapungua hadi kilomita 300.

Hadi hapo ilijulikana kwamba kitu hicho ni kidogo. Uzito wake haukujulikana, wala jirani yake. Mahali palipoonyeshwa na Uhuru palikuwa pana, na ndani yake palikuwa na nyota nyingi. Msaada ulitoka kwenye redio. Mwaka 1971 darubini za redio za Westerbork, Uholanzi, na Green Bank, Marekani, ziliona chanzo kipya cha mawimbi ya redio katika eneo hilo, wakati ule ule ambao eksirei za Cygnus X-1 zilibadilika tabia. Mahali pa chanzo hicho paliweza kupimwa kwa usahihi, napo palilingana na nyota kubwa ya buluu yenye namba HDE 226868. Macho matupu hayaioni nyota hiyo, ila darubini ndogo ya mkononi huifikia. Kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kundinyota la Cygnus huonekana upande wa kaskazini jioni za Agosti na Septemba.

Wanajimu wa pande mbili waliigeukia nyota hiyo bila kusikilizana: Louise Webster na Paul Murdin wa Royal Greenwich Observatory nchini Uingereza, na Tom Bolton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Wote walitafuta kitu kimoja, mwendo wa nyota kuja na kwenda. Basi linalokuja kasi likipiga honi, sauti husikika nyembamba. Likishapita, sauti ile ile huwa nzito. Nuru hufanya vivyo hivyo. Nyota ikija, mistari myeusi iliyo katika rangi za nuru yake husogea upande wa buluu. Ikienda, husogea upande wa nyekundu. Mistari ya HDE 226868 ilisogea huku na huku na kurudi mahali pake kila baada ya siku 5.6. Nyota yenye maada mara nyingi ya Jua ilikuwa ikiyumbishwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 70 kwa sekunde na kitu ambacho hakionekani.

Kutoka kasi na muda wa mzunguko huweza kukadiriwa tungamo la anayevuta, na makadirio yalizidi lile la Jua mara kadhaa. Hapo ndipo ushahidi ulipokutana. Nyota ya kawaida yenye maada hiyo ingeonekana, na ingekuwa pana mno kumemeteka haraka vile. Masalia ya nyota yaitwayo kibete cheupe hayawezi kuzidi mara 1.4 ya Jua; hesabu hiyo ilifanywa na Subrahmanyan Chandrasekhar katika miaka ya 1930. Nyota ya nyutroni nayo huelemewa na uzito wake kabla ya kufikia mara tatu hivi. Kitu kidogo, kizito na kisicho na nuru hakikuwa na jina lingine lililobaki. Webster na Murdin, katika makala yao ya Januari 1972, waliandika kwa tahadhari kwamba huenda ni shimo jeusi.

Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu tungamo lilitegemea umbali, na umbali haukuwa na uhakika. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, akisema kwamba akishindwa katika fizikia atapata angalau faraja ya dau. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021, vilivyotumia darubini za redio zilizotawanywa sehemu nyingi za Marekani, vimeuweka umbali kuwa miaka ya nuru 7,200 na tungamo kuwa mara 21 ya Jua. Kwa shimo lisilozunguka, tungamo hilo lina upeo wenye kipenyo cha kilomita 120 hivi, kama mwendo wa barabara kutoka Mombasa hadi Malindi.

Mashahidi waliofuata

Uhuru iliacha kufanya kazi Machi 1973, na mwaka 1979 ikaingia kwenye angahewa na kuungua. Kutoka Ngomeni ziliondoka nyingine: SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu kilicho hapo kinaendelea kufuatilia setilaiti. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Njia ya jirani kumfichua asiyeonekana ilitumika tena kwenye kitovu cha galaksi yetu. Huko, vikundi vya Reinhard Genzel na Andrea Ghez vilifuatilia kwa miaka mingi nyota zinazozunguka mahali pasipoonekana kitu. Moja ya hizo, S2, humaliza mzunguko kwa miaka 16. Mizunguko hiyo huonyesha tungamo la Jua mara milioni 4 lililobanwa kwenye eneo dogo. Genzel na Ghez walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020 pamoja na Penrose.

Ushahidi wa pili ulikuja bila nuru ya aina yoyote. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo viwili vya LIGO vya kupima mawimbi ya mvutano nchini Marekani, vyenye mikono ya urefu wa kilomita 4, vilihisi anga lenyewe likinyooka na kujikunja kwa sehemu ndogo mno, kwa muda usiofikia sekunde moja. Mtikisiko huo, yaani wimbi la mvutano, ulitokana na mashimo meusi mawili, yenye tungamo mara 36 na mara 29 ya Jua, yaliyogongana na kuungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Ushahidi wa tatu ni picha. Darubini za redio za mabara tofauti, zikifanya kazi kama darubini moja yenye upana wa Dunia, zilitoa tarehe 10 Aprili 2019 picha ya kitovu cha galaksi ya M87, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Inaonyesha duara la gesi inayong'aa lenye kivuli katikati, na kivuli hicho ni cha shimo lenye tungamo mara bilioni 6.5 ya Jua. Mei 2022 ilifuata picha ya shimo la kitovu cha galaksi yetu.

Kisichopimika

Kwa shimo jeusi, mtazamaji aliye nje anaweza kujua mambo matatu tu: tungamo, kasi ya kujizungusha na chaji ya umeme. Kilichoingia, kiwe gesi, mawe au nyota nzima, hakiachi alama nyingine. Milinganyo ya Einstein ikifuatwa hadi katikati hufikia mahali ambapo msongamano wa maada hauna kikomo, na matokeo ya namna hiyo huashiria kwamba nadharia imefika mwisho wa uwezo wake. Nadharia ya kuendeleza hesabu kutoka hapo, itakayounganisha mvutano na sheria za chembe ndogo, bado inatafutwa.

Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwamba upeo wenyewe unapaswa kuvuja joto kidogo. Kwa shimo kama Cygnus X-1 joto hilo halifikii hata sehemu moja ya milioni ya nyuzi juu ya sifuri halisi, wakati anga tupu linalolizunguka lina nyuzi 2.7. Kwa hiyo shimo hupokea zaidi ya linavyotoa, na uvujaji huo haujawahi kupimwa.

Jirani ametoa uzito, ukubwa na mwendo wa asiyeonekana, kama Michell alivyosema mwaka 1783. Ila nyota jirani ni kata inayoishia mdomoni mwa mtungi: gesi yake inayovuka upeo hairudi tena, na kilicho ndani hujulikana hadi sasa kwa hesabu tu.